Mbwa wa kijijini: Msasi aliyeenziwa ughaibuni na kudharauliwa kwao

KATIKA mashamba yanayopakana na Mto Umba, nje kidogo ya mji wa Vanga katika Kaunti ya Kwale, mkulima wa mihogo na mahindi ana maadui wasiochoka. Mchana ni nyani na tumbili. Usiku ni nguruwe mwitu. Silaha zake aghalabu ni tatu: kelele, moto na mbwa.

Mbwa mwenyewe si wa kununuliwa dukani wala hana cheti cha ukoo. Ni mwembamba, mwenye manyoya mafupi ya rangi ya mchanga au hudhurungi, masikio makini na miguu mirefu kuliko mwili wake unavyoonekana kuhitaji. Mchana hulala chini ya mwembe. Jua likitua hufuatana na mwenyewe hadi kibandani shambani. Watoto wa boma wanamjua kwa jina, naye anawajua kwa harufu. Pamoja na hayo yote, mgeni akiuliza huyo ni mbwa wa aina gani, jibu huwa moja: “Huyu? Mbwa koko tu.” Wengine husema mbwa shenzi.

Mpenzi msomaji, makala haya yanakusudia kueleza kwa nini jibu hilo lina kasoro. Jamaa wa karibu wa mbwa huyu amekuwa akishindanishwa katika maonyesho ya Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka 80, akisifiwa kuwa msasi hodari na mwenzi mwema wa familia. Anaitwa basenji, na jina lake ni la kwetu. Lakini sifa pekee hazimlishi mbwa wala hazimlindi mtoto. Faida ya mbwa wa kijijini inategemea jinsi tunavyomtunza, na hapo ndipo wengi wetu tumelegea.

JINA LILILOVUKA BAHARI

Basenji alitoka katika misitu ya Congo na kusini mwa Sudan ya wakati ule, eneo ambalo leo ni Sudan Kusini. Jina lake hufasiriwa kuwa “watu wa porini” katika lugha za Congo, na msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulitambua. “Ba” ya huko ndiyo “wa” yetu, na “senji” ni jirani wa “shenzi”. Neno ambalo sisi tulilitumia kumtweza mtu wa bara na mbwa wake, wenzetu waliliandika katika vyeti vya ukoo na kuliweka kando ya majina ya mbwa wa kifalme.

Safari yenyewe haikuwa rahisi. Mbwa wa namna hii walionyeshwa Uingereza mnamo 1895 katika maonyesho ya Crufts, lakini hawakudumu, kwani maradhi ya distempa yaliwaua. Jaribio lililofaulu lilifanywa katika miaka ya 1930. Olivia Burn, Mwingereza aliyekuwa ameishi Congo, aliwapeleka mbwa wake nchini kwao, na mwaka wa 1937 wakaonyeshwa Crufts. Umati ulifurika kumtazama mbwa asiyebweka.

Mwingereza mwingine, Veronica Tudor-Williams, aliutumikia uzao huu kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mwaka wa 1959 alifunga safari hadi kusini mwa Sudan kutafuta damu mpya, akarudi na mbwa jike mwekundu aliyeitwa Fula. Mbwa huyo wa kijijini akawa bibi wa vizazi vingi vya basenji waliotapakaa duniani. Wakati huo huo, Marekani nako alikuwa amekwisha kupata umaarufu. Mnamo 1956 ilitolewa filamu iitwayo Good-bye, My Lady, inayosimulia kisa cha mvulana wa kijijini aliyempata mbwa wa ajabu asiyejua kubweka. Mbwa huyo alikuwa basenji.

MTENDA KAZI NYINGI

Basenji ni mbwa mdogo. Dume lina kimo cha takriban sentimita 43 begani na uzani wa kilo 11 hivi. Jike ni pungufu kidogo. Mkia wake umejikunja juu ya kiuno mithili ya pete, na akishtuka, paji la uso hufanya makunyanzi kama la mzee aliyeulizwa deni. Hujilamba na kujisafisha kama paka, na hana harufu kali ya mbwa. Jike hupata joto mara moja kwa mwaka, ilhali mbwa wengi wa kizungu hupata mara mbili.

Kutobweka kwake si ububu. Hulia, hunguruma, na akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka inayokaribia wimbo. Hata hivyo, kwa kuwa habweki akiwa mawindoni, wawindaji wa Congo walimvika kengele ya mbao shingoni ili wamfuatilie kichakani. Kazi yake ilikuwa kumfurusha mnyama kutoka katika maficho na kumwelekeza kwenye nyavu zilizotandazwa, ambako watu walikuwa wakimsubiri.

Hapa ndipo umahiri wake unapodhihirika. Wataalamu hugawa mbwa wa kuwinda katika mafungu. Wapo wanaofuata harufu, pua ikiwa chini. Wapo wanaotegemea macho na mbio katika uwanda. Wapo wa kufurusha ndege, na wapo wa kuokota kilichopigwa na kukileta. Wajerumani, katika karne ya 19, walikaa chini wakabuni mbwa mmoja wa kutenda kazi hizo zote, na hadi leo aina kama Kurzhaar husifiwa kwa kuwa hodari porini na mpole sebuleni. Mbwa wa kijijini wa Afrika hakubuniwa na mtu. Mazingira ndiyo yaliyomchuja. Asiyeweza kunusa, kuona, kukimbia na kustahimili njaa hakuishi kuzaa, na yule aliyemng’ata mtoto wa mwenyewe hakuachwa hai. Matokeo yake ni mnyama anayetumia pua na macho kwa pamoja, mwepesi wa mwili, mwenye kumwogopa asiyemjua na kushikamana na watu wake.

DAMU YA KIJIJINI

Pengine msomaji atauliza: je, mbwa wa Vanga ni basenji? La, si basenji. Basenji ni uzao uliotengwa, ukafungiwa katika daftari la ukoo, na asili yake ni Afrika ya kati. Mbwa wa Pwani ni mbwa wa kijijini aliyezaliana huru, na aghalabu hubweka, tena kwa sauti. Katika miji ya Pwani damu yake imechanganyika na ya mbwa walioletwa na walowezi, maafisa na watalii. Hata hivyo, undugu upo, na sayansi imeuthibitisha.

Mwaka wa 2004 jarida la Science lilichapisha utafiti uliolinganisha vinasaba vya aina 85 za mbwa. Basenji alikuwa miongoni mwa wachache walioonekana kuwa wa kale zaidi na walio karibu zaidi na mbwa mwitu wa asili. Mwaka wa 2009 watafiti waliopima mbwa wa vijijini katika Misri, Uganda na Namibia waligundua kwamba basenji huingia katika kundi moja na mbwa hao wa Kiafrika. Jambo la kushangaza ni kwamba aina nyingine mbili zinazojinadi kwa asili ya Afrika, yaani mbwa wa Farao na yule mwenye mstari wa manyoya mgongoni aitwaye Rhodesian ridgeback, zilionekana kuwa na damu nyingi ya nje ya bara. Kwa hivyo, aliye na cheti cha kuitwa Mwafrika si lazima awe ndiye, na asiye na cheti ndiye anayebeba urithi wenyewe.

Urithi huo si wa kujivunia tu. Basenji wa ughaibuni walitokana na mbwa wachache mno, nao wakazalishwa wenyewe kwa wenyewe miaka nenda miaka rudi. Matokeo yakawa ugonjwa wa kurithi uitwao Fanconi, ambao huzifanya figo zipoteze sukari, protini na madini katika mkojo badala ya kuyarudisha mwilini. Mnyama hunywa maji bila kukoma, hukonda, na asipotibiwa hufa.

Wafugaji walipotafuta suluhu walirejea Afrika. Mnamo 1987 na 1988 Wamarekani walikwenda Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, wakarudi na mbwa wa vijijini. Mwaka wa 1990 chama kikuu cha usajili wa mbwa cha Marekani kilifungua daftari lake ili wageni hao waandikwe, na pamoja nao rangi ya milia ikakubaliwa rasmi. Baadaye Chuo Kikuu cha Missouri kilitoa kipimo cha vinasaba vya ugonjwa huo, kwanza mnamo 2007 kisha kilichoboreshwa mnamo 2011, na wafugaji wakaweza kujua kabla ya kuzalisha ni mbwa gani ana hatari.

Funzo ni wazi. Waliomwita mbwa wetu wa ajabu walilazimika kurudi katika ua wa mwanakijiji masikini kuomba damu yenye afya. Mwenye nacho hakujua anacho.

WASASI WA PWANI

Katika Kiswahili, mwindaji anayefuatana na mbwa ana jina lake la heshima: msasi. Wahenga wakasema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, wakimaanisha kwamba mnyama huiga tabia ya anayemlea. Methali hiyo isingezuka katika jamii isiyowajua mbwa.

Visiwani Zanzibar, ambako takriban wakazi wote ni Waislamu, usasi wa mbwa na nyavu umedumu hadi zama zetu. Makundi ya wasasi hutoka pamoja kuwasaka nguruwe mwitu na tumbili waharibuo mazao. Nguruwe haliwi; huuawa kwa sababu ni mwizi wa mihogo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wasasi hao walihusishwa pia katika kampeni ya kumwangamiza chui wa Unguja, ambaye watu waliamini hufugwa na wachawi. Leo chui huyo huonekana katika majumba ya makumbusho tu.

Kisa hicho kina upande wa pili wa sarafu. Mbwa hatofautishi mwizi wa shamba na mnyama adimu. Paa nunga, swala mdogo anayepatikana katika misitu michache tu ya Unguja na pwani ya Kenya, amepungua kwa sababu ya kukatwa misitu na kuwindwa, na mbwa na nyavu ni miongoni mwa zana zilizotumika. Hapa Kwale, wahifadhi wa Diani huwataja mbwa pamoja na magari na nyaya za umeme miongoni mwa hatari zinazowakabili mbega wanaoishi katika mabaki ya msitu wa ufuoni. Ustadi ule ule unaomfanya mbwa awe mlinzi bora shambani humfanya awe hatari msituni.

SHERIA IMEMBADILISHIA KAZI

Zamani za mababu, mbwa wa Mdigo au Mduruma alikuwa mshirika katika kutafuta kitoweo. Paa, funo, sungura na ndezi walipatikana kwa ushirikiano wa watu na mbwa. Kazi hiyo imekwisha kisheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mnamo 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 ikasisitiza kwamba hata kuwinda kwa ajili ya chakula cha nyumbani ni kosa linaloadhibiwa kwa faini au kifungo. Anayeuza nyama hiyo hukabiliwa na adhabu kali zaidi.

Wakazi wa Vanga na Lunga Lunga hukumbana na utata wa ziada, kwa kuwa mpaka uko mlangoni mwao na jamaa zao wako pande zote mbili. Nchini Tanzania uwindaji wa leseni ungalipo. Lakini leseni ya huko haivuki mpaka, na kuwinda bila leseni ni kosa huko pia.

Je, mbwa amebaki bila kazi? Hasha. Kumfukuza nyani kutoka shambani kwa mbwa anayebweka ni jambo moja. Kumfuata hadi msituni, kumzingira na kumuua ni jambo jingine kabisa. Mkulima mwerevu humzoesha mbwa wake tangu udogoni kuitika akiitwa na kukoma mpakani mwa shamba. Humtembeza kandokando ya ua akiwa amefungwa kamba, kila siku, hadi mpaka uingie akilini mwake. Akirudi alipoitwa, hutunzwa kipande cha chakula. Asichofanya mkulima huyo ni kumpiga mbwa aliyechelewa kurudi, maana siku nyingine hatarudi kabisa. Mnyama mkubwa kama ndovu akitokea, mbwa afungwe na maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori waitwe. Mbwa aliyefukuzwa na ndovu hukimbilia kwa bwana wake, na ndovu huja nyuma yake.

DINI NA UA WA NYUMBA

Hakuna mazungumzo ya mbwa katika mji wa Vanga yanayoweza kulikwepa suala la dini. Wavumba, wenyeji wa mji huo, ni Waislamu wa karne nyingi, na madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi Pwani huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa sababu hiyo, wapo wanaodhani kwamba Uislamu unachukia mbwa. Hilo si kweli.

Qurani yenyewe, katika Suratul Maida aya ya nne, inaruhusu kuliwa kilichokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda, kwa masharti yake. Suratul Kahf inamtaja mbwa aliyekaa mlangoni pa pango akiwa pamoja na vijana wachamungu. Hadithi za Mtume zinakataza kufuga mbwa bila haja, lakini zinatoa ruhusa kwa mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Ziko pia hadithi zinazoeleza malipo mema ya aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Kwa hivyo, mkulima Mwislamu anayefuga mbwa wa shamba hajavunja mwiko. Anachotakiwa ni kuwa na mpango. Mbwa awe na banda lake nje, sufuria yake isiyochanganywa na vyombo vya jikoni, na mahali pake mbali na pale watu wanaposwalia. Msomaji akichunguza ataona kwamba masharti hayo hayapingani na ushauri wa daktari wa mifugo. Mbwa wa hali ya hewa ya Pwani hufurahia zaidi kivuli na upepo wa nje kuliko chumba chenye zulia. Maana ya “mbwa wa familia” katika Vanga si ile ya London. Huyu ni wa familia kwa kuwa analinda ua ambamo familia inaishi.

KUMLEA PAMOJA NA WATOTO

Sifa ya upole haizaliwi peke yake. Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mamaye kabla ya kutimiza wiki nane. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya kumi na nne hivi, ubongo wake uko wazi kujifunza nani ni rafiki. Mbwa aliyeguswa kwa upole na watoto katika kipindi hicho, akasikia pikipiki, akaona mbuzi na kuku, hukua akiwa ametulia. Aliyefungwa mnyororo nyuma ya choo tangu utotoni hukua na hofu, na mbwa mwenye hofu ndiye ang’atae.

Watoto nao wana somo lao. Mbwa asisumbuliwe anapokula, anapolala wala anaponyonyesha. Asivutwe mkia. Asikimbiwe, kwa kuwa damu ya usasi humwambia akifuate kila kinachokimbia. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata akiwa mpole kama kondoo.

Mbwa wa nasaba hii ana akili, lakini si mtumwa wa amri. Basenji wa ughaibuni wanajulikana kwa ukaidi. Wakiachwa bila kazi hutafuna viatu na kuruka ua. Mbwa wa kijijini naye akikosa mazoezi hutafuta mwenyewe, na aghalabu huyapata katika banda la kuku la jirani. Kumtembeza asubuhi na jioni kunamaliza nusu ya matatizo.

Katika chakula, ugali uliochanganywa na dagaa au mabaki ya samaki humtosha, mradi miiba mikubwa iondolewe. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo, asipewe. Maji safi yawepo wakati wote. Dawa ya minyoo ni ya lazima hasa penye watoto, kwa kuwa minyoo ya mbwa huweza kumwingia binadamu kupitia udongo. Kupe na viroboto waondolewe mara kwa mara. Na ambaye hakusudii kuzalisha, amhasi dume na kumfunga jike kizazi. Watoto wa mbwa wanaotupwa jaani leo ndio mbwa koko wa kesho.

DENI LISILOSAMEHEKA

Sasa tufikie jambo lenye uzito kuliko yote. Mbwa huyu msifika anaweza kuleta kifo nyumbani kwa mng’ato mmoja, iwapo hajachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria kwamba maradhi hayo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia. Takriban wanne kati ya kila waathiriwa kumi ni watoto wasiozidi umri wa miaka 15. Mbwa ndiye chanzo cha asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Virusi hukaa katika mate, hupenya kwenye jeraha na kusafiri taratibu kupitia mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Safari hiyo huchukua wiki au miezi. Dalili zikishaonekana, yaani hofu ya maji, kuchanganyikiwa na kushindwa kumeza, karibu hakuna anayepona.

Kutokana na mwendo huo wa taratibu, upo mwanya wa kuokoa maisha. Aliyeng’atwa, kukwaruzwa au kulambwa penye kidonda aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Kisha afike hospitalini siku hiyo hiyo apewe chanjo, na amalize dozi zote kwa tarehe alizopangiwa. Mbwa aliyeng’ata asiuawe ovyo; akiweza kufungwa salama, achunguzwe kwa siku kumi. Kupaka pilipili, mafuta ya taa au majani si tiba. Ni kupoteza saa ambazo mgonjwa hana.

Lakini njia iliyo nafuu ni kumchanja mbwa. Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kila mwaka. Wataalamu wameonyesha kwamba iwapo asilimia 70 ya mbwa wa eneo wamechanjwa, virusi hukosa pa kupita. Kenya ilizindua mkakati wa kumaliza kichaa cha mbwa mnamo 2014, ukilenga mwaka wa 2030, na huduma za mifugo ziko mikononi mwa serikali za kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013.

Anayedhani lengo hilo ni ndoto ageukie bahari. Ng’ambo ya mlango wa bahari kutoka Vanga kipo kisiwa cha Pemba. Kampeni za kuwachanja mbwa zilizoanza huko mnamo 2010 ziliukata mnyororo wa maambukizi kufikia 2014. Chanjo zikalegezwa, na mwaka wa 2016 maradhi yakarudi, yakiletwa na mbwa waliovushwa kutoka nje ya kisiwa. Kampeni ikaanzishwa upya, na kufikia 2018 maambukizi yakakatwa tena. Mafunzo ni mawili. Kwanza, inawezekana, tena katika jamii ya Waislamu ya mwambao kama yetu. Pili, ukilegea unarudi ulikotoka.

Kwa mji wa mpakani kama Vanga, funzo la pili ni zito. Mbwa hahitaji pasipoti. Anayeletwa na jamaa kutoka Tanga, au anayefuata mashua hadi kisiwani, aweza kubeba virusi bila mtu kujua. Kumwachilia mbwa azurure usiku ni sawa na kuacha mlango wazi.

TUMWITE NANI?

Miaka mingi iliyopita msafiri alifunga safari ya maelfu ya kilomita kumtafuta mbwa mwekundu wa kijijini, akamchukua, akamwandikia jina lake daftarini. Kilichomtofautisha Fula na ndugu zake waliobaki hakikuwa damu. Ilikuwa ni mtu kuamua kwamba mnyama huyu anastahili kuhesabiwa.

Mkulima wa kandokando ya Umba hahitaji kwenda Uingereza kununua msasi wa nasaba. Anaye, amelala chini ya mwembe. Ampe jina, banda, maji, kazi ya halali na chanjo ya kila mwaka. Akifanya hivyo, mtu akimwuliza ni mbwa wa aina gani, hatakuwa na haja ya kusema koko. Atasema: huyu ni mbwa wa hapa, na ni wangu.